Nani Alikunywa Maziwa? Tamaa ya Binadamu Katika Katuni ya Shamba la Wanyama

Jumamosi moja ya masika niliwawekea watoto wa dada yangu filamu ya katuni, huku nikijua kwamba haikuchorwa kwa ajili ya watoto. Mkubwa ana miaka kumi na miwili, mdogo minane. Mwanzoni walicheka. Kuna kifaranga wa bata anayejikwaa kila anapojaribu kwenda sambamba na wakubwa, na yule mdogo alimpenda papo hapo. Kisha likaja gari la kumchukua Boxer. Farasi huyu amevuta mawe ya kujengea kinu cha upepo mpaka mwili umemshinda, na sasa anapakiwa garini kana kwamba anapelekwa kutibiwa. Punda Benjamin, sahibu yake, anatambua kwamba gari lile ni la kiwanda kinachowachemsha farasi waliochakaa na kuwageuza gundi. Anatimua mbio nyuma yake akilia, na kilio kile sijakisahau mpaka leo. Gari linazidi kwenda. Punda anabaki.

Mdogo akanigeukia. "Mjomba, wale nguruwe wanajua?"

Wanajua. Wao ndio waliomuuza.

Filamu yenyewe ni Animal Farm, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwishoni mwa Desemba 1954, kisha London mwezi uliofuata. Ina dakika 72 tu. Waliitengeneza mtu na mkewe: John Halas, mzaliwa wa Budapest, na Joy Batchelor, Mwingereza wa Watford. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya Uingereza kuingia kwenye majumba ya sinema ya umma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili studio yao ilikuwa ikiichorea serikali filamu fupi za kuhimiza wananchi walime mboga na wakusanye vyuma na mifupa kwa ajili ya viwanda vya silaha. Walikuwa mafundi wa kumshawishi mtu kwa mchoro. Safari hii waliutumia ufundi huo kuonyesha jinsi mtu anavyoshawishiwa.

Kisa ni cha George Orwell, kitabu kilichotoka Agosti 1945. Wasomaji wa Kiswahili tunakijua kwa jina la Shamba la Wanyama tangu Fortunatus Kawegere alipokitafsiri, na East African Publishing House ya Nairobi kukichapa mwaka 1967. Wanyama wa shamba moja la Uingereza wanachoka na mkulima mlevi, wanamtimua na kuandika amri zao ukutani. Nguruwe wawili, Snowball na Napoleon, wanashika uongozi. Napoleon anamfukuza mwenzake kwa kutumia mbwa aliowalea kando tangu wakiwa vitoto, na kuanzia hapo shamba linadidimia hatua kwa hatua. Orwell alikuwa akiisema Urusi ya Stalin, wala hakuficha. Lakini watoto wa dada yangu hawamjui Stalin ni nani, na hawakupotea hata kidogo.

Kilichowashika ni tamaa, kwa sababu tamaa wanaijua. Wanaiona mezani, kipande cha mwisho cha nyama kinapobaki bakulini.

Orwell mwenyewe aliianzisha hapohapo, kwenye chakula. Kitabuni, kesho yake baada ya ushindi, ng'ombe wanakamuliwa na ndoo zinajaa. Wanyama wanakwenda kuvuna majani. Wakirudi, maziwa hayapo. Baadaye inajulikana kwamba nguruwe wanayachanganya kwenye chakula chao, na matufaha pia wamejitengea, kwa maelezo kwamba wanaofanya kazi ya kichwa wanahitaji lishe bora, na kwamba wanakula hivyo kwa faida ya wote. Mwaka 1946 Orwell alimwandikia rafiki yake Mmarekani, Dwight Macdonald, kwamba hapo ndipo hadithi inapogeuka. Kama wanyama wengine wangekataa siku ile, mambo yangekwenda sawa.

Nimesoma mengi kuhusu kitabu hiki, na sijaona jambo zito kuliko hilo. Siku ya maziwa hakuna aliyeuawa. Wale mbwa wa Napoleon walikuwa bado hawajazaliwa. Hapakuwa na mjeledi wala gereza, palikuwa na ndoo tu, na wanyama wengi waliokuwa na nguvu ya kuuliza wakaona haya kuuliza. Sote tumewahi kuiona ndoo hiyo. Imepita kwenye kamati ya harusi, kwenye mradi wa maji wa kijiji, kwenye chama cha kuweka na kukopa. Anayeichukua huwa na maelezo ya kuridhisha. Anayeuliza huambiwa ni mchonganishi, tena na wale wale walionyimwa maziwa.

Wachoraji wa filamu wameifuata tamaa hiyo kwa uvumilivu mkubwa. Nyumba ya mkulima, ambayo wanyama walikubaliana pasiwe na wa kuishi humo, inapata wapangaji. Amri ya kutolala kitandani inaongezewa neno kuhusu shuka. Amri ya kutokunywa pombe inaongezewa neno kuhusu kupita kiasi. Amri ya kutouana inaongezewa neno kuhusu sababu, na neno hilo linaandikwa baada ya kuku waliogoma kutoa mayai yao kuuawa. Angalia jinsi wezi hawa wanavyoiheshimu sheria. Hawaupaki chokaa ukuta mzima kwa siku moja. Wanaiacha sheria ikae, kisha wanaiongezea maneno mawili matatu, na asubuhi wanyama wanasimama mbele ya ukuta wakitikisa vichwa, kila mmoja akijilaumu kwamba labda kumbukumbu yake ndiyo mbovu.

Hapa ndipo katuni ilipokuwa na uwezo ambao waigizaji wenye nyama na damu hawana. Mwigizaji akivaa kinyago cha nguruwe, tunamwona mwigizaji. Mchoro hauna mtu nyuma yake. Napoleon haongei sana. Kazi yote ipo kwenye mashavu yanayozidi kutuna na macho yasiyopepesa anapotazama kitu anachokitaka. Anakunenepea hivihivi ukimtazama. Joy Batchelor na mumewe walichora hata grafu ya kupanda na kushuka kwa hisia za mtazamaji, tukio kwa tukio, ili wajue ni wapi pa kumpumzisha na wapi pa kumbana. Yule kifaranga wa bata aliwekwa kwa hesabu hiyo. Anakulegeza moyo ili gari la gundi likukute umelegea.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua mpaka nilipoitazama mara ya tatu. Sauti za wanyama wote, kuanzia mkoromo wa Napoleon hadi ule mlio wa Benjamin, ni za mtu mmoja, mwigizaji wa Kiingereza Maurice Denham. Msimulizi peke yake ni mwingine, Gordon Heath, Mmarekani mweusi aliyekuwa akiishi Paris. Sijui kama Halas na Batchelor walikusudia tafsiri ninayoitoa, lakini ukishalijua jambo hili hulisahau. Mtawala na mtawaliwa, muuaji na anayeuawa, wote wametoka kwenye koo moja. Hata wimbo wa mapinduzi, uliotungwa na Mátyás Seiber, hauna neno hata moja la binadamu. Ni milio tu ya zizini inayoungana mpaka inakuwa muziki, na kwa dakika hiyo moja huwezi kusema huyu ni nguruwe na huyu ni kondoo.

Kwa mtazamaji wa kwetu, hasa wa pwani, kuna mtego. Nguruwe kwa wengi wetu ni najisi tangu utotoni, hivyo ni rahisi kumhukumu Napoleon kabla hajafanya lolote na kusema uovu umo kwenye damu yake. Ngano zetu nazo zimetuzoesha hivyo: fisi ni mlafi kuanzia sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, sungura ni mjanja, na hakuna anayetarajia wabadilike. Filamu hii haikubali jambo hilo. Mzee Major, aliyewaota wanyama wenzake wakiwa huru, ni nguruwe. Snowball, aliyetaka kinu cha upepo kiwapunguzie wenzake kazi, ni nguruwe. Napoleon alikula kwenye hori moja na hao. Kilichomtenganisha nao ni alichokifanya pale alipogundua kwamba hakuna wa kumzuia.

Na si yeye tu mwenye tamaa shambani. Hili ndilo linalonifanya niitetee filamu hii mbele ya wanaoiita kejeli ya siasa tu. Boxer naye ana tamaa yake. Anataka kuaminika. Anataka kuwa mwema, aamke kabla ya wengine, avute zaidi, na aambiwe kwamba kuvuta kwake kuna maana. Tamaa hiyo ni nzuri, na ndiyo iliyompeleka kiwandani. Orwell alieleza, katika dibaji ya toleo la Kiukreni la mwaka 1947, kwamba wazo la kitabu lilimjia siku alipomwona mvulana wa miaka kama kumi akimwendesha farasi mkubwa wa mkokoteni kwenye njia nyembamba, akimcharaza kila alipotaka kugeuka. Akajiuliza ingekuwaje mnyama yule angeijua nguvu yake. Filamu imelichora jibu kwenye mgongo wa Boxer: anazo nguvu za kumponda Napoleon kwa kwato moja, na anazitumia zote kumjengea.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, wakimwonya mwenye tamaa. Kwenye shamba hili tamaa iko kwa mmoja na mauti yanamfika mwingine. Napoleon ananenepa. Boxer anachemshwa. Methali nyingine inapinduliwa na Benjamin: tunasema shukrani ya punda ni mateke, lakini katika filamu nzima hakuna mwenye shukrani ya kweli ila punda. Anajua kusoma, anajua kila kitu, na amenyamaza muda wote. Ukimya wake unavunjika siku gari linapoondoka na rafiki yake, na wakati huo muda umeshapita. Mimi humwonea Benjamin uchungu kuliko Boxer. Watu wa aina yake tunao wengi, wenye elimu na macho, wanaongoja mpaka mtu wao wa karibu apakiwe ndipo wapige kelele.

Mwaka ambao Kawegere alitupatia Shamba la Wanyama ulikuwa mwaka mzito kwa Tanzania. Februari 5, 1967, lilitangazwa Azimio la Arusha, na ndani yake mlikuwa na masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na mishahara miwili au zaidi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Ukiyasoma masharti hayo baada ya kuitazama filamu hii, unaona mtu aliyekaa akaifikiria ndoo ya maziwa na kujaribu kuijengea uzio. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wenye mvi wakashika chaki. Sidhani kama mambo hayo mawili yanatengana. Amri iliyoandikwa ukutani inamlinda anayeweza kuisoma. Wanyama wa Orwell walishindwa hapo, wengi wao hawakuvuka herufi chache za mwanzo.

Masharti yale yalilegezwa mwaka 1991, kwa uamuzi unaojulikana kama Azimio la Zanzibar. Wapo waliosema yalikuwa yamepitwa na wakati na wapo waliolia. Mimi ninachosema ni kwamba uzio ulipoondolewa, mjadala mpana wa wananchi haukutangulia, na wengi walipata habari jambo likiwa limekwisha.

Sasa nije kwenye sehemu ya kisa hiki inayoniumiza zaidi, kwa sababu inaihusu filamu yenyewe. Orwell alifariki Januari 1950 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 46. Mjane wake, Sonia, aliuza haki za kukigeuza kitabu kuwa filamu. Aliyesimamia mradi alikuwa mtayarishaji wa Kimarekani, Louis de Rochemont, na fedha zilizokuwa nyuma yake zilitoka kwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Ilikuwa siri kwa miongo kadhaa. Watafiti kama Frances Stonor Saunders, katika kitabu chake cha mwaka 1999, na Daniel Leab mwaka 2007, wameifukua habari hiyo. Rasimu za mswada wa filamu zilisomwa na maofisa ambao Halas na Batchelor hawakuwajua, na mapendekezo yalirudi yakiwa na mwelekeo mmoja: adui awe wazi, mwisho uwe na ushindi.

Kitabuni, mwisho hauna ushindi. Nguruwe na binadamu wanakaa meza moja, wanacheza karata na kugombana, na wanyama wanaochungulia dirishani hawawezi tena kuwatofautisha. Hukumu ya Orwell ilikuwa imewaangukia wote wawili, mtawala wa kikomunisti na bepari aliyekuja kufanya naye biashara. Filamu imemtoa bepari mezani. Waliobaki ni nguruwe peke yao, kutoka mashamba mbalimbali. Benjamin anachungulia, anaziona nyuso zao zikigeuka na kuwa uso wa mkulima aliyefukuzwa, kisha anageuka na kuwaongoza wanyama wa mashamba yote kuivamia nyumba. Picha ya Napoleon inapasuka. Mwisho.

Kitabuni, Squealer, msemaji wa Napoleon, huchukua ngazi na rangi usiku na kwenda kurekebisha amri. Waliokuwa na fedha walifanya kitu kama hicho kwa kitabu kinachomlaani Squealer. Halas aliutetea mwisho ule akisema huwezi kumrudisha mtazamaji nyumbani bila tumaini, na familia yake imesema wachoraji hawakujua fedha zilikotoka. Nawaamini. Boxer naye hakujua.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na mambo haya. Mkutano wa waandishi wa Kiafrika uliofanyika Makerere mwaka 1962 na jarida la Transition la Kampala, lililohaririwa na Rajat Neogy, vyote vilipata msaada wa Congress for Cultural Freedom, na mwaka 1967 ilithibitika kwamba taasisi hiyo ilikuwa ikilishwa na CIA. Waandishi wetu walijikuta wamekunywa maziwa ambayo hawakuuliza yametoka kwa ng'ombe gani. Kazi zao nyingi ni njema na zimebaki. Ila jeraha la kutoambiwa ukweli halikuwa dogo, na wale waliolipata walikuwa na haki ya kukasirika.

Watoto wa dada yangu waliushangilia mwisho wa filamu. Mdogo aliruka juu ya kochi nyumba ilipovamiwa. Nikawaambia kitabu kinaishia vingine, nikawasimulia. Yule mkubwa alinyamaza kidogo, akasema, "Huo wa kitabu ndio wa kweli." Kisha akaniuliza, wanyama wale waliovunja nyumba ya Napoleon, kesho yake nani atakamua ng'ombe, na maziwa atapewa nani.

Filamu haina jibu la swali hilo, na hapo ndipo naiona imepungukiwa. Imetuonyesha kwa ustadi mkubwa jinsi tamaa inavyoota, inavyonenepa na kujifunza kuandika, kisha ikatuambia kuivunja nyumba kunatosha. Pamoja na dosari hiyo, bado naihesabu miongoni mwa filamu kubwa za katuni za karne iliyopita, na kilio cha Benjamin sijakisikia kikizidiwa. Mwezi Juni 2025 filamu nyingine mpya ya katuni ya kisa hikihiki, iliyoongozwa na Andy Serkis, ilionyeshwa kwenye tamasha la Annecy nchini Ufaransa. Hata hivyo, anayetaka kukijua kisa aanze na hii ya zamani.

Nawaomba wazazi na walimu: msiwaache watoto waitazame peke yao. Kaeni nao hadi mwisho, kisha wapeni Shamba la Wanyama ya Kawegere, hata kama ni nakala iliyochanika jalada, wasome ukurasa wa mwisho kwa sauti. Baada ya hapo waulizeni wao ni nani alikunywa maziwa, na kwa nini siku ile hakuna aliyeuliza.